Uandishi wa afya, lishe na mazingira hapa Uganda: unalipa?

Mdogo wangu uliyemaliza shahada ya lishe, umeuliza kama uandishi wa afya, lishe na mazingira unaweza kukulipia kodi ya nyumba Kampala. Unaweza, ila makala zako za faida za matunda na mboga ziweke kabatini kwanza. Wahariri wanazo tele.

Mimi kilichonitoa ni mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Wa biashara wakaandika hasara, wa siasa wakaandika ugomvi wa majirani. Mimi nikashuka Kisenyi, mtaa wa Kampala wenye vinu vya mahindi. Mzee mmoja mnunuzi akanionyesha anavyopima unyevu bila mashine: chupa kavu ya soda, punje kiasi, chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka, na yeye hanunui. Basi nikaanza kuuliza kurudi nyuma na kwenda mbele. Nyuma kulikuwa na mvua iliyonyesha wakati wa kuvuna na mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu, ukungu ukapata pa kuota. Mbele kulikuwa na posho, yaani ugali, ya shuleni, maana sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na mbele zaidi saratani ya ini. Gunia lilelile nikalitolea makala ya mazingira, ya lishe na ya afya, kila moja kwa mhariri wake. (Malipo ya moja bado nayangoja, tuyaache hayo.)

Wewe una silaha ambayo wengi wetu hatuna: unajua kusoma jedwali. Chukua utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016. Udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri, wa watoto chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 29 nchi nzima. Kila anayetaka picha ya njaa hukimbilia Karamoja, kule kukavu kaskazini mashariki, lakini Tooro, magharibi, kwenye matoke (ndizi za kupika) mpaka mlangoni, ilikuwa na udumavu mkubwa kuliko Karamoja. Mtoto anashiba na hakui. Hiyo ndiyo makala, na anayejua sahani ya matoke matupu inakosa nini ataiandika vizuri kuliko mwandishi wa kawaida.

Sasa pesa. Gazeti peke yake halitakulisha. Linalipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Kodi hutoka kwenye ripoti za miradi, vijitabu vya wakulima na vipindi vya redio. Hapo nina msimamo mkali: mradi ukikulipa, usiuandike gazetini, hata kama ni mzuri kweli. Na ile bahasha ya nauli kwenye warsha ya hotelini, kunywa chai yao, bahasha waachie. Wenzangu watanicheka, lakini wewe chakula ndiyo fani yako, na kampuni za vyakula zitakutafuta mapema.

Ukihitaji takwimu za ofisi ya serikali, usibembeleze kwa simu. Andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayowapa siku 21 kujibu. Ibebe mwenyewe na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ipeleke kabla hujaanza hata kuandika makala, kwa sababu siku 21 za ofisini huwa ndefu.