"News" si kaskazini, mashariki, magharibi na kusini

Hapana, ndugu yangu. Hiyo ya kwamba "news" ni herufi za mwanzo za pande nne za dunia inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp miaka nenda rudi. Hata mwalimu wetu wa kidato cha pili alituchorea dira ubaoni. Tamu, lakini si kweli.

"News" ni "new", yaani -pya, iliyotiwa s ya wingi. Ni kama sisi tunavyosema "haya, lete mapya." Wafaransa nao wana "nouvelles", mantiki ileile. Zamani Waingereza waliandika pia "newes". Sasa hiyo e ya pili ni upande gani wa dunia? Isitoshe, maneno ya kuunga herufi za mwanzo, kama "radar", ni mtindo wa karne ya 20 hasa, na "news" lilikuwa likisemwa mamia ya miaka kabla. Ukiambiwa neno kongwe la Kiingereza ni kifupisho, shtuka.

Ila kuna wakati kosa lenyewe huzaa neno. "Hamburger" limetoka mji wa Hamburg, Ujerumani. Watu wakasikia "ham" na "burger", wakalikata hapo, ndipo tukapata "cheeseburger". Na tusiwacheke: kitabu ni "kitab" ya Kiarabu, ki- yake ni ya mzizi kabisa, sisi tukaidhania ya ngeli, tukasema vitabu. Kisha kibao cha "keep left" kikatuletea kipilefti, yaani mzunguko wa barabarani, na mjini sasa kuna vipilefti.