Riesling Kavu Mezani na Ngege wa Dunga

"Mvinyo mkavu? Umekaukia wapi, na mbona unamwagika?"

Aliyeuliza ni mzee jirani yetu hapa Kisumu, siku shemeji alipofungua chupa ya Riesling, mvinyo mweupe aliotuletea kutoka Ujerumani. Tulicheka, lakini mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Wengi wetu tulianza na ule mvinyo mwekundu mtamu wa harusini, na ukimpa mtu wa aina hiyo Riesling kavu bila chakula, atakunja uso kama aliyelamba ndimu. Ukavu wenyewe ni jambo dogo: hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu na kuigeuza pombe. Kwa sheria ya Ujerumani, mvinyo wenye neno "trocken", yaani kavu, kwenye lebo hauzidishi gramu 9 za sukari kwa lita, na hata hizo 9 zinaruhusiwa tu ikiwa uchachu unatosha kuzibeba.

Chupa zetu zilitoka kwa familia inayolima mizabibu yake kando ya mto Mosel, kwenye miteremko mikali ya mawe ya sleti. Huko kuna baridi, zabibu huiva polepole, na uchachu wake haupotei. Uchachu huo ndio nilioukosea adabu mara ya kwanza.

Nilipika samaki wa mchuzi, pilipili nikaitia kwa mkono mkunjufu. Chupa nayo nilikuwa nimeitia kwenye friza. Tulipoketi, mvinyo ulikuwa baridi mpaka hauna harufu, na kila funda likachochea moto wa pilipili badala ya kuuzima. Mama mkwe alionja, akaweka glasi chini taratibu, akasema siki yake yeye huinunua soko la Kibuye, tena kwa bei nafuu.

Chupa ya pili niliipangia. Nilishuka Dunga, ufukweni pa ziwa, asubuhi nikachagua ngege (tilapia) wa kadiri, nikawachanja, nikawapaka chumvi na kuwakaanga hadi ngozi ikawa inavunjika. Ndimu sikuigusa. Mvinyo huu ndio ndimu yako! Unamega ugali, unachukua kipande cha samaki, kisha funda moja linafagia mafuta yote ulimini na unataka kipande kingine. Kachumbari isikutishe. Mvinyo mpole hulala ukikutana na nyanya na kitunguu chenye chachu, ila Riesling haulali. Mbuta (sangara) kwangu anaupokea vizuri zaidi ya ngege, kwa sababu nyama yake ni nono na mafuta yanahitaji kitu cha kuyakata. Omena, wale dagaa wa ziwani, nimejaribu mara mbili: ya kukaanga hadi ikauke, ndiyo, ya mchuzi wa nyanya, hapana. Lakini hata hiyo ya mchuzi ni afadhali kuliko omena na mvinyo mwekundu, mseto unaoacha ladha ya msumari mdomoni.

Mboga ndizo zilizonifundisha zaidi. Osuga (mnavu) na dek (mgagani) ni chungu, na mvinyo mkavu huuzidisha uchungu huo. Ila mama mkwe hupika mboga kwa njia ya wazee, anatia maziwa na kuilaza, kesho anaipasha na kuongeza maziwa mengine. Ikifika mezani uchungu umetulia, na hapo Riesling inakaa nayo kama majirani wa siku nyingi. Apoth (mrenda) sikushauri. Mbuzi choma mwachie bia, lakini nyama ya nguruwe iliyokaangwa na kitunguu inafaa sana.

Kama huwezi kula bila pilipili, tafuta "halbtrocken", yaani nusu kavu, yenye sukari kidogo ya kupoza ulimi. Dukani tazama pia asilimia ya pombe. Ukiona 8 au 9, kwa kawaida sukari nyingi imebaki. Iliyo kavu mara nyingi huanzia 11 na kupanda. Neno "Gutsabfüllung" linakuambia kwamba mwenye shamba ndiye aliyetengeneza mvinyo kutokana na zabibu zake mwenyewe na kuutia chupani.

Friza achana nayo. Friji ya kawaida inatosha, kisha itoe chupa dakika kumi kabla ya kula ili harufu ya tufaha na limau ifunguke. Kwa joto letu hili, weka beseni la maji na barafu karibu na meza, la sivyo glasi ya pili itakuwa vuguvugu. Ukibakiza, funga na urudishe kwenye friji. Yangu ilikaa siku tatu bila kuharibika.

Shemeji anarudi Desemba. Mimi nimemwagiza mbili kavu. Mama mkwe, yule wa siki, amemwagiza halbtrocken moja na kuniomba nisimwambie mzee jirani.