Dada Uliyeniuliza Kuhusu Siku ya Maelekezo: Nenda, na Ukae Mpaka Mwisho

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayesoma makala zangu. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili, barua ya udahili anayo mkononi, na chuo kimemwita kwenye siku ya maelekezo kwa wanafunzi wapya wa shahada za juu. Swali lake lilikuwa hili: "Kaka, ni lazima niende? Chuo nimeshasoma, maktaba naijua, na ratiba wametutumia kwa barua pepe. Nikienda asubuhi, nikajisajili, nikaondoka zangu, nitakosa nini?"

Nimelisoma swali hilo mara nne. Maneno hayo hayo nilijiambia mimi siku yangu ilipofika, na yamenigharimu mwaka mzima. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta nimejaza kurasa, basi nimeona niyaweke hapa, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo. Mnataka kumaliza kwa wakati, mnataka tasnifu ambayo mtu ataisoma kweli, na wengine macho yenu yako kwenye uzamivu.

Asubuhi ile niliketi safu ya nyuma, kiti cha karibu na mlango. Nilikuwa na ufaulu mzuri wa shahada ya kwanza na miaka minne ya kazi, na nilijiona mtu mzima niliyekuja kuchukua kilicho changu. Kiongozi wa kwanza alitukaribisha. Wa pili akatukaribisha tena. Wa tatu akatusomea historia ya chuo tangu jengo la kwanza. Siwezi kukudanganya, asubuhi za namna hiyo ni ndefu. Tukagawiwa mkoba wa kitambaa, kalamu, na kijitabu cha kanuni chenye jalada la bluu ambacho nilikifungua kwa mara ya kwanza miezi kumi na moja baadaye.

Wakati wa mapumziko ya mchana nikaitazama ratiba. Saa nane, maadili ya utafiti. Saa tisa, huduma za maktaba. Saa kumi, kukutana na idara. Neno maadili nililielewa kama tabia njema: usiibe kazi ya mtu, usighushi matokeo. Nikaona hayo nayajua. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na wenzangu wengi walitoka pamoja nami, jambo lililonifanya nione nimeamua vizuri.

Muhula wa kwanza ulipita bila tatizo. Masomo ya darasani nilifaulu yote. Kisha nikaandika pendekezo la utafiti. Mada yangu ilihusu watu wanaowauguza wazazi wao nyumbani kwa miaka mingi, na niliipenda kutoka moyoni, maana nimekulia katika nyumba yenye mgonjwa wa kitandani. Nilimpelekea msimamizi wangu. Akairudisha na masahihisho machache kwa kalamu nyekundu, na chini ya ukurasa wa mwisho aliandika neno moja: "Endelea."

Neno hilo bado linaniuma. Mimi nililisoma kuwa nenda kwa watu ukahoji. Yeye alimaanisha nenda kwenye hatua inayofuata, yaani peleka pendekezo kwenye kamati ya maadili ya utafiti, upate kibali, ndipo uhoji. Kwake ilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kulitaja, kwa sababu lilisemwa siku ya maelekezo, saa nane mchana, mbele ya kila mwanafunzi aliyekuwepo. Mimi sikuwepo.

Nilihoji watu 23 kwa wiki kumi. Nilirekodi kwa simu, nikahamishia kwenye kompyuta, nikayapa mafaili namba kuanzia 01 hadi 23. Faili namba 07 lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, dakika 94. Aliyoniambia siyaandiki hapa, na utaona sababu. Itoshe kusema kwamba nilipotoka kwake nilitembea mpaka nyumbani sikupanda gari, na nikajua sura yangu ya nne nimeipata.

Siku niliyopeleka sura za tasnifu yangu idarani, mratibu wa shahada za juu alifungua fomu ya kupokelea, akajaza jina, namba ya usajili, mada. Akafika kwenye mstari mmoja akaniangalia. "Namba ya kibali cha maadili?"

Nikamwambia sina. Akauliza kama kibali kimechelewa. Nikamwambia sikuomba. Akaweka kalamu chini polepole, na nikamwona ananionea huruma kabla hata sijaelewa nimefanya nini.

Wewe unayeanza lishike hili: kamati za maadili hutoa kibali cha kazi itakayofanyika, kwa kawaida hazirudi nyuma kubariki iliyokwisha kufanyika. Niliandika barua ya kuomba radhi kurasa tatu. Jibu lilikuwa aya moja. Data zote zifutwe, ombi lianze upya. Nilifuta mbele ya ofisa wa kamati, kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Niliyachagua mafaili yote 23 kwa pamoja nikabonyeza. Yeye akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Na kwenye pipa la taka pia." Nikafungua pipa. Yalikuwa yamejipanga kwa namba. Nikayafuta, kisha ya kwenye simu, kisha nakala niliyojitumia kwa barua pepe. Ilichukua dakika sita.

Nilimlaumu kila mtu. Nilimlaumu msimamizi kwa neno lake moja, nikalaumu kamati kwa ugumu wake, nikalaumu chuo kwa kuweka jambo zito namna ile mchana watu wamechoka. Kwa hilo la mwisho hasira haijaisha, na naamini nina haki. Jambo linaloweza kufuta kazi ya mtu lilipaswa kusemwa saa tatu asubuhi, kabla ya historia ya majengo.

Ombi jipya lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu fomu yangu ya ridhaa ilikuwa na lugha ambayo mhojiwa asingeielewa. Mara ya pili kwa sababu sikueleza sauti zitahifadhiwa wapi, nani atazisikiliza, na zitafutwa lini. Miezi saba ikapita kabla sijaruhusiwa kuuliza mtu swali hata moja. Wenzangu niliojisajili nao walivaa majoho. Nilienda kwenye mahafali yao, nikapiga nao picha.

Kisha nikarudi kwa yule mama wa faili namba 07. Mgonjwa wake alikuwa ameshafariki. Alinipokea vizuri, akanikalisha, nikatoa fomu ya ridhaa nikaanza kumsomea mstari kwa mstari kama nilivyoelekezwa. Alisikiliza kimya. Nilipofika panaposema kwamba mshiriki anaweza kukataa, na halazimiki kutoa sababu, akanyanyua mkono.

"Hapo pamesema naweza kukataa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nakataa, mwanangu. Yale niliyasema mara moja. Siwezi kuyasema tena."

Nilikunja fomu. Njiani ndipo kilipoingia kichwani kile ambacho barua ya kamati haikuwa imeniingiza. Mara ya kwanza sikumwambia kuwa anaweza kukataa. Nilifika na simu yangu na heshima zangu, nikamwita mama, na yeye akaona ni wajibu wake kunijibu. Alinipa dakika 94 ambazo huenda asingenipa kama angejua ana hiari. Ndiyo maana siyaandiki aliyoyasema, hapa wala penginepo.

Baada ya hapo nikasoma kwa nini kamati hizi zipo, na natamani ningesoma mapema. Mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa utawala wa Nazi waliofanyia watu majaribio kwa nguvu, mahakama ya Nuremberg iliweka misingi kumi, na wa kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa utafiti. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kikapitisha Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu. Hata hivyo, kule Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, utafiti ulioanza mwaka 1932 uliendelea hadi 1972. Wanaume weusi 600 walifuatiliwa, 399 kati yao wakiwa na kaswende, wakiambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuja kuwa tiba inayojulikana, hawakupewa. Uchungu wa jambo lile ndio uliozaa ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti kwa binadamu, yenye nguzo tatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema na kuepusha madhara, na haki. Fomu iliyonirudia mara mbili imetoka huko. Nilikuwa naiona karatasi tu, kumbe kuna watu walikufa ndipo ikaandikwa.

Kwa hiyo, dada, na ninyi wengine: kaeni. Msiondoke mapumziko ya mchana hata kama ukumbi mzima unatoka. Kipindi cha maadili kikianza, uliza kamati inakaa mara ngapi kwa mwaka na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ni ipi, kwa sababu ukikosa kikao kimoja unaweza kusubiri wiki nyingi kingine kifike. Uliza kama utafiti wako, hata dodoso la maswali kumi, hata mahojiano na rafiki zako, unahitaji kibali. Usiamue mwenyewe kwamba hauhitaji, waache waamue wao, tena kwa maandishi.

Kipindi cha maktaba nacho usikidharau. Niliandika marejeo yangu kwa mkono, zaidi ya 140, nikihangaika na nukta na mabano usiku kucha, mpaka mkutubi mmoja aliponionea huruma akanifundisha Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo, kwa nusu saa. Programu hiyo haiuzwi, na imekuwepo tangu 2006. Mkutubi huyo alikuwa amesimama ukumbini siku ile ya maelekezo, saa tisa, akiifundisha kwa wachache waliobaki. Alinieleza pia kuhusu Turnitin, programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine: ile asilimia inayotoka inaonyesha maandishi yanayofanana na ya kwingine, haimhukumu mtu kuwa mwizi. Unaweza kuwa na asilimia kubwa kwa sababu ya nukuu zilizowekwa vizuri, na ndogo huku umeiba wazo zima la mtu. Lazima mtu aisome ripoti yenyewe. Nimewaona wanafunzi wakilia kwa sababu ya namba hiyo ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake, na maelezo yalitolewa, wao walikuwa wameondoka.

Saa kumi, idarani, mtafute mratibu wa shahada za juu umsalimie kwa jina. Mtafute na msimamizi wako kama ameshapangwa, na siku akikuandikia "endelea", mwulize: niendelee na nini? Usione haya. Swali hilo lingenichukua sekunde tatu.

Kuna mwenzetu mmoja alikaa mpaka mwisho siku ile. Tulikuja kuwa marafiki wakati yeye anamalizia na mimi naanza upya. Siku moja alinionyesha daftari lake la siku ya maelekezo. Kurasa za asubuhi zilikuwa na maua aliyoyachora pembeni. Ukurasa wa mchana ulikuwa umejaa, na katikati alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara mbili: KIBALI KWANZA, KABLA YA MTU YEYOTE. Nililishika daftari lile muda mrefu. Hakuwa na akili kunishinda. Alibaki kwenye kiti chake.

Nimehitimu mwaka huu. Tasnifu yangu ina mahojiano 19, yote yenye fomu za ridhaa zilizosainiwa, na mtahini wa nje aliisifia sura ya mbinu za utafiti kuliko zote. Najivunia sura hiyo. Ya nne ni nzuri pia, ingawa najua ingeweza kuwa nini.

Uliniuliza pia ubebe nini. Beba daftari la karatasi, maana simu itakuita mara mia. Keti safu za mbele, mbali na mlango. Kijitabu cha kanuni kisome usiku huo huo, uanzie sura ya utafiti na ile ya muda wa juu wa kukamilisha shahada. Na ukirudi jioni, niandikie tarehe ambazo kamati yenu inakaa. Nitakuwa nasubiri.