Swali lako kuhusu wapinga ukomunisti

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umekuta mahali kwamba Mandela alihukumiwa chini ya sheria ya kupinga ukomunisti, na kwingine kwamba wafanyakazi wa Poland walisifiwa kwa kuupinga ukomunisti huohuo. Ukauliza: "Mama, hawa wapinzani walikuwa kundi moja kweli?"

Hawakuwa. Walichokikataa kilikuwa na jina moja, ila kila mmoja alikuwa na chake alichokuwa akikilinda: huyu dini, yule mali, mwingine kiti chake.

Chuki yenyewe ni ya zamani kuliko serikali yoyote ya kikomunisti. Papa Pius IX aliulaani ukomunisti mwaka 1846, Marx na Engels wakiwa hawajachapisha hata Ilani yao ya Kikomunisti. Bismarck, aliyekuwa kansela kule Ujerumani, alivibana vyama vya kisoshalisti kwa sheria ya 1878, kisha mwaka 1883 akaleta bima ya afya kwa wafanyakazi ili wasivutwe na maneno ya wasoshalisti. Simpendi, lakini akili alikuwa nayo: wengi waliomfuata walibaki na rungu tu.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, hofu ilikolea. Hapa nikusimulie habari za Emma Goldman, maana ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa mwanaharakati asiyetaka serikali ya aina yoyote. Desemba 1919 Marekani ilimpakia kwenye meli iitwayo Buford, pamoja na wenzake 248, wakafukuzwa kwenda Urusi kama watu hatari. Alifika akiwa na matumaini makubwa. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa nguzo ya mapinduzi, walidai uchaguzi huru wa mabaraza ya wafanyakazi, na Wabolsheviki, yaani wakomunisti waliokuwa wakitawala Urusi, wakawapiga mabomu. Kabla mwaka haujaisha, Emma alikuwa ameondoka, akaanza kuandika kuwashutumu watawala wale. Sasa niambie, huyu tumweke kundi gani? Aliyemfukuza na yeye aliyefukuzwa, wote wakawa wapinzani wa Moscow.

Wanasiasa wengine walilitumia jina la mpinga ukomunisti kama koti, la kuvaa na kuvua. Ujerumani ya Hitler na Japani zilitia saini mkataba dhidi ya Komintern, umoja wa vyama vya kikomunisti ulioongozwa na Moscow, Novemba 1936. Agosti 1939 Hitler huyohuyo akapatana na Stalin.

Vita Baridi ndipo mambo yalipochafuka kabisa. Mwaka 1950 Seneta Joseph McCarthy alidai ana orodha ya wakomunisti walio katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mara walikuwa 205, siku chache baadaye wakawa 57. Watu walipoteza kazi kwa kutajwa tu. Mtego wa panya huo, huingia waliomo na wasiokuwemo. Indonesia ilikuwa mbaya zaidi: mauaji ya walioitwa wakomunisti, ya 1965 na 1966, hukadiriwa kuwa yaliangamiza watu laki tano au zaidi, wengi wao wakulima wa kawaida.

Na Mandela? Makaburu walitunga sheria yao mwaka 1950, wakaufafanua ukomunisti kwa upana kiasi kwamba kutaka mabadiliko kwa njia ya vurugu, au kwa kuvunja sheria tu, kulitosha kukutia hatiani. Yeye na wenzake 19 walihukumiwa mwaka 1952 kwa kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi. Jaji mwenyewe alikiri kwamba kosa hilo halihusiani na ukomunisti kama watu wanavyoujua. Akawapa miezi tisa, adhabu ikaahirishwa.

Poland ni habari nyingine. Agosti 1980, kwenye kiwanda cha meli cha Gdańsk, mwendesha winchi Anna Walentynowicz aliachishwa kazi ikiwa imebaki miezi michache tu astaafu. Wenzake wakagoma, arudishwe. Mgomo ukaenea, madai yakafika 21, wakayaandika kwenye mbao na kuzitundika langoni. La kwanza lilikuwa chama huru cha wafanyakazi; mbele kidogo wanadai kadi za mgawo wa nyama. Hawa walikuwa wafanyakazi wakiidai haki yao kwa serikali iliyojiita ya wafanyakazi. Yatafute uyasome yote, mwanangu. Hakuna hata dai moja linalosema wanaupinga ukomunisti.

Mama yako