Maswali ya Wasomaji: Kibali cha Kujenga Nyumba za Wafanyakazi Shambani

SWALI: Nina shamba la ekari 28 karibu na Gilgil, kaunti ya Nakuru, ambako ninafuga ng'ombe wa maziwa na kulima mboga. Wafanyakazi wangu wengi hutembea kila alfajiri kutoka senta, na wakamuaji wawili wanalala katika ghala la malisho. Ninataka kuwajengea vyumba kumi pamoja na vyoo. Fundi wangu anasema kwamba kwa kuwa shamba lina hatimiliki na liko mashambani, kibali hakihitajiki, na kwamba kaunti ikiuliza tuonyeshe mchoro wa ghala. Je, ni sawa? — Msomaji, Gilgil

JIBU: Fundi wako amekosea katika mambo mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Hatimiliki inathibitisha kwamba ardhi ni yako, lakini haikupi ruhusa ya kujenga juu yake upendavyo. Sheria ya Kenya ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996, inamkataza mtu yeyote kuendeleza ardhi ndani ya kaunti kabla ya kupewa kibali na waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi, na katazo hilo linahusu mashamba kama linavyohusu miji. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili; tena anaweza kuamriwa airudishe ardhi katika hali yake ya awali, yaani abomoe kwa gharama yake mwenyewe.

Wazo la kuchora ghala ndilo linalonisikitisha zaidi, maana limeenea mno mashambani. Afisa anayekagua mchoro wa ghala hataulizia ukubwa wa madirisha, maji ya kunywa, wala umbali kati ya mahali pa kulala na stoo ya dawa za kunyunyizia, kwa sababu ameambiwa kwamba hakuna atakayelala humo. Kwa hiyo watu huhamia katika jengo ambalo hakuna mtaalamu hata mmoja aliyelipima kwa ajili ya makao ya binadamu, na siku moto unapozuka au ugonjwa wa kuhara unapoingia, wanaoumia ni wakamuaji na watoto wao. Andika wazi katika ombi lako kwamba hizi ni nyumba za wafanyakazi wa shamba, utaje ni vyumba vingapi na watu wangapi wataishi humo. Na wale wawili wanaolala katika ghala la malisho wasingoje kibali: watafutie chumba cha kupanga senta mwezi huu, ukilipie wewe.

Ombi lenyewe hupelekwa kwa idara ya mipango ya ardhi ya kaunti. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi wa karibuni katika masjala ya ardhi (yaani uthibitisho wa nani aliyesajiliwa kuwa mwenye ardhi), ramani inayoonyesha shamba lilipo na mahali hasa nyumba zitakaposimama, michoro iliyotiwa sahihi na msanifu majengo aliyesajiliwa, pamoja na stakabadhi za malipo yanayodaiwa ardhi hiyo. Kaunti huzisambaza nakala za ombi kwa mamlaka nyingine zinazohusika ili zitoe maoni, zikiwamo za maji, barabara na afya ya umma. Kuna pia NEMA, mamlaka ya mazingira, ambayo hupanga miradi katika ngazi za hatari ndogo, ya kati na kubwa. Vyumba vichache havifikii tathmini ndefu inayotakiwa kwa mtaa mzima wa nyumba, ila uliza mapema ili usije ukasimamishwa msingi ukiwa tayari umechimbwa. Kibali kikishatoka, mradi husajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi, na kazi hupewa mkandarasi aliyesajiliwa nayo.

Juu ya mahali pa kujenga ningependa ufikiri sana, maana hapo ndipo wenye mashamba wengi hubania. Ardhi nzuri huachiwa mazao, na wafanyakazi husukumwa bondeni, kando ya mto au chini ya bwawa. Katika kaunti yako hiyo hiyo, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka huko Solai, likasomba nyumba zilizokuwa chini yake na kuua zaidi ya watu 40. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipojaa kupita kiasi, maji yaliingia mtaa wa Kihoto na kuwahamisha wakazi wake. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza kujenga karibu na mto au kijito katika ukanda wa mita 6 hadi 30, na ukanda huo hupimwa kuanzia kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Usipime kuanzia ukingo unaouona wakati wa kiangazi. Waulize wazee wa hapo maji yaliwahi kufika wapi. Kama shamba lako lina bwawa, nyumba zikae upande wa juu wake, hata kama itabidi utoe robo ekari ya nyasi nzuri.

Jambo jingine ni muda. Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kitachukuliwa kuwa kimetolewa. Ni kifungu chema, kwa sababu kinamlinda mwananchi dhidi ya faili kulala ofisini, lakini hakitakusaidia kama huwezi kuonyesha tarehe ombi lako lilipopokewa likiwa na viambatisho vyote. Kwa hiyo omba nakala iliyopigwa muhuri, au hifadhi uthibitisho wa mtandaoni, na siku hizo zikipita andika barua ya kuuliza kabla ya kuleta mawe. Ukikataliwa au ukipewa masharti usiyoyaona kuwa ya haki, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi, na kutoka hapo unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mwisho, usijenge vyumba vya ziada kwa nia ya kuwapangisha watu wasiofanya kazi kwako. Nyumba za watu wa shamba zinaweza kutetewa kama sehemu ya kilimo. Ploti za kupangisha ni biashara nyingine, na hizo zitahitaji ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi.

SWALI: Mimi ni msimamizi katika shamba la maua karibu na Naivasha. Mwajiri wetu ameahidi nyumba, lakini anasema kaunti bado haijampa kibali, na kwa hiyo hatupati kwake posho ya nyumba wala makao. Tunapanga vyumba wenyewe katika mtaa wa Karagita. Je, ana haki? — Msomaji, Naivasha

JIBU: Hana. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, wakati wote na kwa gharama yake mwenyewe, ampe mfanyakazi makao yanayofaa mahali pa kazi au karibu nayo, ama amlipe, juu ya mshahara, fedha za kutosha kupanga makao hayo. Ameachiwa uchaguzi kati ya njia hizo mbili, wala hakuna njia ya tatu ya kusubiri. Kibali kikichelewa, kinachochelewa ni jengo; wajibu wa kulipa unaendelea kila mwezi. Zipo hali ambazo posho haitengwi: pale mkataba wa kazi unapoeleza kwamba mshahara wenyewe umejumuisha fedha za kodi, au mkataba wa pamoja kati ya chama chenu na mwajiri unapoweka mshahara wa namna hiyo. Kwa hiyo kwanza someni mikataba yenu na hati za malipo. Kama nyumba haikutajwa popote, pelekeni dai kwa maandishi kupitia chama chenu cha wafanyakazi au kwa afisa wa kazi aliye karibu. Na siku nyumba zitakapokamilika, mwajiri atawajibika pia, chini ya kifungu cha 32, kuhakikisha kwamba mna maji safi ya kutosha.

SWALI: Jirani yangu mwenye shamba la kahawa ameanza kujenga kambi ya wavunaji upande wa juu wa kijito tunamochota maji. Nifanye nini bila kuanzisha ugomvi? — Msomaji, Nyeri

JIBU: Anza kwake mwenyewe, umweleze hofu yako kuhusu vyoo, kwani huenda akakubali kuvisogeza. Asipokubali, nenda idara ya mipango ya kaunti ukaulize kama kuna ombi lililowasilishwa kwa shamba hilo. Kama lipo na halijaamuliwa, peleka pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotajwa katika tangazo lililobandikwa au kuchapishwa. Kama halipo, kaunti ina mamlaka ya kumpa notisi ya kusimamisha ujenzi. Katika barua yako usipinge wavunaji kupewa makao, kwa maana wanayastahili. Pinga mahali vyoo na mashimo ya maji machafu yalipowekwa, na uambatishe picha.

SWALI: Ningependa kumpa mfanyakazi wangu wa miaka mingi nusu ekari ajenge kwake. Je, makubaliano mbele ya chifu yanatosha? — Msomaji, Kitale

JIBU: Hayatoshi. Kugawa na kuhamisha ardhi ya kilimo, hata kama ni zawadi, kunahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi lake linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mlipokubaliana. Idhini isipopatikana, sheria inayahesabu makubaliano hayo kuwa batili. Mgawanyo wenyewe pia unahitaji kibali cha kaunti, na kazi ya kupima ifanywe na mpimaji ardhi aliye na leseni. Bodi nyingi hutaka mke au mume wa mwenye shamba afike kutoa ridhaa yake, kwa hiyo zungumzeni nyumbani kwanza. Mfanyakazi wako asianze kujenga hadi hatimiliki mpya iwe imetoka kwa jina lake, kwa sababu ukifariki kabla ya hapo, atabaki akibishana na warithi wako akiwa na karatasi ya chifu peke yake.