Kununua Strasbourg na Kehl: Tazama Kalenda Kabla ya Kutazama Punguzo

Anayehamia Strasbourg huambiwa mapema kwamba ng'ambo ya mto Rhine, katika mji wa Kehl nchini Ujerumani, nepi, sabuni na dawa ya meno ni nafuu, na kwamba tangu mwaka 2017 tramu humfikisha huko. Analochelewa kuambiwa ni kwamba mto huo hutenganisha kalenda mbili za biashara. Kwa muda niliokaa hapa nimeona watu wakipoteza nauli na fedha zaidi kwa kutojua siku kuliko kwa kutojua bei.

Upande wa Ufaransa, punguzo la msimu, ambalo wenyeji huliita soldes, hupangwa na sheria. La majira ya baridi huanza Jumatano ya pili ya Januari saa mbili asubuhi, na la kiangazi Jumatano ya mwisho ya Juni, isipokuwa Jumatano hiyo ikichelewa mno katika mwezi, ambapo huanza wiki moja kabla. Tangu 2020 kila msimu huchukua wiki nne. Mikoa minne ya Lorraine, kwa kuwa iko karibu na Ubelgiji na Luxembourg, huruhusiwa kuanza la baridi siku ya kwanza ya kazi ya Januari, ili wateja wasivuke mpaka kulifuata punguzo la Ubelgiji linaloanza tarehe 3. Kwa hiyo mkazi wa Strasbourg anayehitaji koti zito anaweza kupanda treni hadi Metz au Nancy, miji ya Lorraine, wakati maduka ya mjini kwake bado yana bei za zamani.

Mimi hununua viatu katika siku za kwanza, maana saizi za kawaida huisha haraka, na nguo za watoto za mwaka unaofuata huziacha hadi wiki ya tatu, bei zinaposhuka tena. Bidhaa ya soldes lazima iwe imekuwa ikiuzwa kwa angalau mwezi mmoja kabla ya msimu. Kwa sababu hiyo hupita dukani mwezi Desemba na kuzipiga picha lebo za bei. Ujerumani ilifuta misimu ya kisheria mwaka 2004, hivyo Kehl hakuna siku ya kungojea.

Jumapili ndiyo huwachanganya wageni zaidi. Katiba ya Ujerumani huilinda siku hiyo, na katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako duka linaweza kufunguliwa saa yoyote kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, mji huruhusiwa kufungua maduka Jumapili zisizozidi tatu kwa mwaka, nazo zisiwe za Majilio, yaani zile nne kabla ya Krismasi. Hubaki wazi vituo vya mafuta, maduka ya stesheni na ya mikate. Wanaodhani Ufaransa ni huru zaidi husahau kwamba Alsace, eneo la Strasbourg, na Moselle, mmoja wa mikoa ya Lorraine, zilitawaliwa na Ujerumani kati ya 1871 na 1918, na sheria ya Jumapili ya enzi hizo bado inatumika. Supamaketi kubwa ambayo Nancy ingefunguliwa asubuhi, Strasbourg kwa kawaida hufungwa.

Sikukuu nazo hazilingani. Tarehe 8 Mei, 14 Julai, 15 Agosti na 11 Novemba, ikiwa si Jumapili, Alsace hupumzika na Kehl hufurika. Siku hizo gari liache nyumbani. Tarehe 6 Januari na 3 Oktoba Kehl hufungwa, na Wajerumani huvuka kuja kwetu. Ijumaa Kuu na 26 Desemba usihangaike, pande zote zimefungwa.

Tangazo la kwamba bidhaa ya punguzo hairudishwi halikuondolei haki yako ikiwa ina kasoro, kwa sababu dhamana ya kisheria ya miaka miwili hubaki palepale. Muuzaji wa ng'ambo akikataa, kituo cha Ulaya cha kuwasaidia walaji kipo Kehl kwenyewe na hakitozi ada. Na ukipokea ndugu kutoka Mombasa au Dar es Salaam, anaweza kurudishiwa VAT kwa manunuzi yanayozidi yuro 50 Ujerumani au yuro 100 Ufaransa. Aombe fomu dukani akiwa na pasipoti, na akiondokea Frankfurt aipeleke fomu pamoja na bidhaa kwa forodha kabla mizigo haijachukuliwa.