Fidia Alilipwa Nani? Maswali na Majibu ya Kwaresima

Maswali ya Kwaresima ni mengi, na nusu yake yanauliza mke wa Kaini alitoka wapi. Hilo nimelijibu mara tatu, sirudii. Tubaki na msalaba.

*Shikamoo mwalimu. Mungu anaweza yote. Kwa nini asitusamehe tu, bila mtu kufa? (Binti wa Dunda)*

Marahaba, mwanangu. Mvuvi akikuazima ngalawa, ukaivunja mwambani, naye akasema "yaishe, nimekusamehe", ngalawa haijarudi. Hasara imekutoka wewe, ikamkalia yeye. Anayesamehe ndiye anayeumia. Kwa hiyo Paulo hasemi kwamba Mungu alimkamata mtu mwingine asiye na kosa ili amalizie hasira zake. Anasema: "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Kor 5:19). Mwenye ngalawa kaibeba hasara mwenyewe. Wahubiri wanaomchora Baba ameshika fimbo na Mwana anajitokeza kuchapwa badala yetu wanapata machozi ya watu, lakini wanamfanya Baba na Mwana kuwa kama wagomvi wawili.

*Yesu alisulubiwa Ijumaa au Jumatano?*

Ijumaa. Injili zote nne zinataja siku ya Maandalio, yaani kuamkia sabato. Swali hili mnaliuliza kila mwaka, na Injili hamfungui.

*Marko 10:45 inasema Yesu alitoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi". Nani aliyelipwa? Shetani? (Mzee wa Kaole)*

Mzee wangu, hapo umegusa penyewe. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nisa alifundisha kwamba Uungu ulifichwa katika mwili kama ndoana ndani ya chambo, Shetani akameza akanasa. Wavuvi wa Kaole mtaupenda mfano huo. Lakini Gregori wa Nazianzo, wa zama hizohizo, hakukubali kwamba mnyang'anyi astahili kulipwa bei kubwa namna hiyo. Hakukubali pia kwamba Baba aliidai damu ya Mwanawe.

Mimi nadhani sisi wa Bagamoyo tuna njia fupi ya kulielewa neno hili. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868. Walikuwa wakinunua watumwa katika soko la Unguja na kuwapa makazi hapa misheni. Huko ndiko kukomboa. Aliyekombolewa hakujali sana fedha ziliingia mfuko wa nani. Alijua mnyororo umefunguliwa, na kwamba yeye hakutoa hata senti. Neno "fidia" katika Marko linasema hayo mawili: tumefunguliwa, na aliyetufungua ametumia uhai wake. Ukilivuta zaidi ya hapo ukitafuta risiti, litakatika.

Tuseme na la pili, ingawa halipendwi kwenye sikukuu: wengi wa waliokombolewa waliishia kulima mashamba ya misheni chini ya amri kali. Bwana kabadilika, jembe ni lilelile. Paulo alilijua jambo hilo: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu" (1 Kor 7:23). Aya hiyo nitaihitaji tena huko chini.

*Tunda alikula Adamu. Mimi nahusika vipi?*

Kwa hatia yake, huhusiki. Ezekieli 18:20 iko wazi kwamba mwana hauchukui uovu wa baba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaiita dhambi ya asili hali, si tendo. Baba akiweka nyumba rehani, mtoto anayezaliwa humo hakukopa, lakini siku ya kutolewa vyombo nje naye analala nje. Na usijifiche sana nyuma ya Adamu. Yako mwenyewe ya wiki hii yanatosha.

*Jirani yangu Mwislamu ananisomea Kurani 4:157, kwamba Isa hakusulubiwa. Nimjibu nini nimshinde?*

Usimshinde. Akikuuliza unachoamini, mweleze taratibu. Akipenda historia, mwambie hata Tacito, Mrumi aliyetudharau Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Kisha mpelekee futari. Mihadhara ya viwanjani na vipaza sauti imetuachia majirani wasiosalimiana, na sijaona aliyeokoka kwa kuzomewa.

*Mwalimu, nabii mmoja ameniambia ukoo wetu una laana, na damu ya Yesu haitaivunja mpaka nitoe sadaka ya laki tatu. Nimeshatoa laki moja. Nimalizie? (Mama wa Magomeni)*

Usimalizie, dada yangu. Barua kama yako nimepokea nyingi, na kila moja inanikosesha usingizi. Soma Wagalatia 3:13: Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Soma Waebrania 10:10: mwili wake ulitolewa "mara moja tu". Kama damu hiyo inangoja laki mbili zako ndipo ifanye kazi, basi Kalvari ilikuwa malipo ya awali, na huyo nabii ndiye mkusanya madeni. Hii ni biashara ya utumwa, ila mnyororo wake ni woga, na ile aya ya Paulo inakuhusu: "msiwe watumwa wa wanadamu". Mahali ambapo namba ya kutuma fedha inasomwa kabla ya Injili, chukua kanga yako uondoke. Chupa ya mafuta aliyokuuzia, kama ni ya alizeti, kaangia samaki.

Hiyo laki moja kamdai. Usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa mtaa.